Mpima Macho Aliyewatafuta Wanaoona

Watu walimwita daktari, naye kila mara alikanusha. Alisema yeye ni mpima macho, na kwamba kazi hizo mbili hazifanani. Sisi wa Muleba hatukuona tofauti. Alivaa koti jeupe, alikuwa na tochi, alitoka hospitali ya Bukoba. Kina mama waliposema "Shikamoo, daktari," aliitikia ile shikamoo, ile daktari akaiacha hapo hapo ilipoangukia. Nami nitamwita kwa jina la kazi yake, kama alivyotaka mwenyewe.

Nilimfahamu kwa miaka mingi bila kuwa rafiki yake. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alasiri nilifundisha elimu ya watu wazima, katika miaka ile ambayo serikali ilitaka kila mtu kijijini ajue kusoma na kuandika. Alikuja kila baada ya miezi mitatu, kwa Land Rover ya hospitali ilipokuwa na mafuta, na kwa basi ilipokuwa haina. Aliomba darasa langu kwa sababu lilikuwa refu. Alihitaji mita sita kati ya mtu na bango, na zahanati yetu haikuwa na chumba chenye mita sita.

Bango lenyewe alilichora mwenyewe kwa rangi nyeusi juu ya ubao mwembamba. Lilikuwa na herufi moja tu, ile E, kubwa juu na ndogo ndogo kuelekea chini, nyingine imelala chali, nyingine imetazama kushoto. Kwa wasiojua kusoma hakusema ni herufi. Alisema ni kitana. "Meno yanaelekea wapi?" aliuliza, nawe ukaonyesha kwa mkono. Sauti yake ya kuuliza hivyo naikumbuka kuliko uso wake. Ilikuwa haipandi wala haishuki. Aliuliza mara mia kwa siku, na mara ya mia ilikuwa sawa na ya kwanza.

Hakupenda watu waje kwake kwa sababu wanaumwa. Hilo lilitupa taabu kumwelewa. Safari yake ya kwanza, mwenyekiti wa kijiji alipanga foleni vizuri kabisa: wazee waliozibwa macho na mtoto wa jicho mbele, wenye vikope nyuma yao, na watu wazima wenye afya akawaambia warudi shambani. Mpima Macho akasimama mlangoni akauliza wale wengine wanakwenda wapi.

"Hao wanaona, mtaalamu," mwenyekiti akasema. "Hapa tumekuletea wagonjwa."

"Wagonjwa nitawaona wote," akajibu. "Lakini hao wanaoona ndio niliowafuata."

Mwenyekiti alifikiri anadharauliwa. Alinong'ona kwa Kihaya kwamba huyu ni nshomile, yaani msomi wa kujisikia, na kwamba angekuwa na akili asingeacha vipofu akahangaika na wazima. Lakini watu waliitwa wakarudi, na tangu siku hiyo foleni zikawa mbili.

Sababu yake aliitoa mara chache, tena kwa maneno machache. Alisema yapo maradhi yanayolia, na yapo yasiyolia. Jicho lenye vikope linawasha, mtu atakuja mwenyewe. Lenye mtoto wa jicho linafifia, mtu ataona ukungu naye atakuja. Ila kuna presha ya macho, ambayo haiumi, haiwashi, haitoi usaha, na inakula kuona kuanzia pembeni kidogo kidogo, huku katikati pakibaki safi. Mtu anasoma bango mpaka mstari wa mwisho na huku nusu ya dunia yake imeshaondoka. Anapokuja kulalamika, kilichoondoka hakirudi tena. Kinachoweza kufanywa ni kulinda kilichobaki. Kwa hiyo, alisema, yeye haulizi kama unaona. Anauliza kama unaona kama mwaka jana. Na hilo halijulikani bila kupimwa mwaka jana, mwaka huu na mwaka ujao. Alikuwa na sanduku la mbao lenye kadi za vijiji vyote, na akikupima alikuwa anatazama kadi kuliko anavyokutazama wewe.

Aliniomba niwe wa kwanza kupimwa kila mwaka ili wengine wasiogope. Nikakubali. Kwa hiyo mambo yale yote yalifanyika kwangu kabla hayajafanyika kwa mtu mwingine, na bado nayajua kwa mpangilio wake. Kwanza maswali. Mama yako anaona? Babu yako alikufa akiona? Una kisukari? Unatumia dawa gani? Kisha unasimama penye mstari wa chaki, unafunika jicho moja kwa kiganja, unaonyesha meno ya kitana yanakoelekea, halafu jicho la pili. Kisha anakaa mbele yako, magoti karibu yagusane, anakuambia uangalie pua yake usihame, naye anachezesha vidole pembeni kabisa, juu na chini, nawe useme unapoviona. Kina mama walicheka hapo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumtazama mwanaume puani muda mrefu hivyo. Kisha tochi, jicho moja baada ya jingine, kuona kama mboni inasinyaa inavyopaswa.

Baada ya hapo unalala chali kwenye benchi. Anakuwekea tone la ganzi, anasubiri, halafu anakisimamisha juu ya jicho lako kichuma kidogo chenye mshale, mshale unasogea, anasoma namba. Hapo ndipo watu walipokimbia. Haiumi. Unaona kitu kinakuja, unaona kimekaa, husikii kitu. Mwisho kabisa, kwa wale aliotaka kuwatazama mpaka ndani, aliweka matone mengine ya kupanua mboni. Ulikaa barazani nusu saa, kisha akachungulia kwa taa yake ndogo, uso wake karibu na wako kiasi kwamba ulinusa kahawa mdomoni mwake. Ukitoka, jua lilikuchoma, na usingeweza kusoma mpaka jioni. Siku zake mimi sikusahihisha madaftari.

"Yako sawa," aliniambia kila mwaka. "Rudi mwakani."

Kahawa hiyo ilikuwa ya kutafuna. Katika kila nyumba alipokaribishwa akamwani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa tunazompa mgeni, alichukua nyingi kuliko heshima inavyoruhusu na kutia mfukoni mwa koti. Lubisi, pombe yetu ya ndizi, hakunywa. Alikuwa Mlutheri, mwimbaji wa kwaya, na kijiji chetu karibu chote kilikuwa cha Wakatoliki, kwa hiyo wengine walidhani anakataa pombe yetu kwa ajili ya dini. Siku moja alisema mkono ukitetemeka kichuma kitamkwaruza mtu jicho. Alinawa mikono kabla ya kila mtu na baada ya kila mtu, katika beseni lile lile la bluu, na maji aliyabadilisha mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Wagonjwa walipomwomba waombe pamoja kwa ajili ya macho yao, alikataa. Alisema kanisani ataomba, hapa anafanya kazi. Naye mwenyewe alikuwa na miwani ya kusomea ambayo aliivua haraka mtu wa kamera alipotokea. Katika picha moja ya sherehe za Saba Saba anaonekana ameishika nyuma ya mgongo.

Kisiwani Goziba alikwenda mara mbili tu, kwa sababu mashua ilimtapisha njia nzima. Mvuvi mmoja, mtu wa kuhamahama, aliletwa jicho la kulia limechomwa na ndoana. Mpima Macho alilisafisha, akalifunga, kisha akataka kupima la kushoto. Mvuvi akasema la kushoto halina kitu. Wakabishana mpaka mashua ikataka kuwaacha. Lilipopimwa likakutwa na presha kubwa, na kwa kuwa la kulia halikupona, hilo la kushoto ndilo pekee alilobaki nalo. Habari hii nilisimuliwa na muuguzi aliyefuatana naye. Mwenyewe hakuwahi kuitaja.

Na kulikuwa na bibi mmoja darasani kwangu ambaye kwa mwaka mzima nilimhesabu kuwa mzito wa akili. Herufi alizijua ubaoni, lakini kwenye kitabu hakuona kitu, akakaa akitikisa kichwa. Mpima Macho alitumia dakika chache naye. Macho yalikuwa mazima, yalikuwa yamezeeka tu kwa vitu vya karibu. Akampa miwani kutoka kwenye boksi la miwani zilizokwisha tumika. Bibi akasoma ukurasa wote wa kilimo bora cha kahawa kwa sauti, akafunga kitabu, akasema, "Kumbe ndiyo haya? Haya mimi nayajua." Hakurudi darasani. Miwani alibaki nayo akichagulia mawe kwenye maharage. Nilipomweleza Mpima Macho, ilikuwa mara moja katika miaka yote hiyo nilipomwona anacheka kwa sauti.

Hakugombana na mtu. Waliokataa dawa, waliokwenda kwa waganga wa majani, waliorudi baada ya miaka miwili badala ya miezi mitatu, aliwapokea kwa sauti ile ile, akaandika kwenye kadi. Tuliita hiyo subira.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la ushirika. Msimu wa kahawa alipakia magunia Muleba na kuyashusha Bukoba, na alijivunia macho yake kama wengine wanavyojivunia ng'ombe. Alikuja kwenye kipimo kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiwahimiza watu, na ingekuwa aibu wa kwangu asionekane. Alisoma bango mpaka mstari wa chini kabisa, akageuka kutazama waliosimama dirishani. Kisha akalala kwenye benchi. Mpima Macho alisoma namba, akarudia jicho lile, akarudia la pili. Akamkalisha, akachezesha vidole. Upande wa kushoto vidole vilifika mbali sana ndani kabla mume wangu hajasema "hapo". Akamwekea matone, akamchungulia muda mrefu, kisha akachora kwenye kadi duara na duara jingine ndani yake, akatuonyesha: mshipa wa nyuma ya jicho una kijishimo, na kijishimo cha huyu kimepanuka kupita kiasi.

Akampa dawa ya matone, mara nne kwa siku, kila siku, ajisikie vizuri asijisikie vizuri. Dawa ilimletea maumivu ya paji la uso, na jioni ilimfanya aone giza mapema, naye alikuwa mtu wa barabara. Aliitumia kama wiki tano. Baada ya hapo kichupa kikakaa dirishani. Nilikuwa nakiona kila asubuhi nikifagia.

Miezi mitatu ilipotimia mume wangu alikuwa safarini. Mpima Macho alitoa kadi yake, akaniuliza mbele ya watu, "Anaweka dawa?"

Nikasema anaweka.

Sikupanga kusema hivyo. Nyuma yangu walikuwa wamekaa watu thelathini niliowaambia wiki nzima kwamba dawa isikatizwe. Akaandika. Mara iliyofuata mume wangu alikuwepo, akaulizwa, akanitazama, akajibu kama nilivyojibu mimi. Mpima Macho alimtazama kwa tochi, akampima, presha ilikuwa bado juu. Akaandika kwenye kadi kwamba anatumia dawa. Kisha akaandika barua ya kwenda Mwanza akafanyiwe upasuaji. Mume wangu aliikunja barua ile mara nyingi mpaka ikawa ndogo, akaitia mfukoni, na tangu hapo siku za kupima macho alihakikisha yuko mbali.

Nilijiambia nitasema ukweli safari ijayo ya Mpima Macho. Zilipita safari nyingi.

Kisha ilikuja ile siku ya barabara ya Bukoba. Mwanamke alikuwa anatembea kando, upande wa kushoto, na mkungu wa ndizi kichwani. Mume wangu alisema hakumwona kabisa, na watu wote waliokuwa wamekaa juu ya magunia walisema alikuwa wazi kama kanisa. Hakufa. Mguu wake ulivunjika na haukunyooka tena. Ushirika ulimwondoa mume wangu kwenye lori wakampa kazi ya ghala. Baada ya muda ghala nalo likamshinda, kwa sababu alijikwaa kwenye magunia yaliyokuwa pembeni. Alipokubali mwenyewe kwenda Mwanza, walimwambia wangeweza kulinda kidogo kilichobaki, nacho kilikuwa kidogo kweli. Nacho kikaisha, akaishi miaka saba katika kibanja chetu cha migomba bila kuona. Ndizi zilizokomaa alizitambua kwa kuzishika. Hakunilaumu, kwa sababu alifikiri uongo ule ulikuwa wake, na sikumwambia kwamba mimi nilitangulia kuusema. Alikufa kwa homa, akazikwa nyuma ya nyumba. Siku ya mazishi watu walinisifu kwa utulivu wangu. Haukuwa utulivu. Sikuwa na kitu ndani cha kutulizwa.

Baada ya mume wangu kupofuka sikwenda tena kupimwa, wala sikumpeleka mtu. Darasa niliendelea kumfungulia Mpima Macho, nikamwachia ufunguo, nikaenda zangu. Hakuniuliza. Kisha akastaafu, akaja kijana mwingine.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa Maruku, alikokuwa na shamba la kahawa. Nilikuwa nimekwenda kumsalimia shangazi yangu maeneo yale, nikaambiwa yule mzee wa macho anakaa nyumba ya tatu. Nilimkuta anatandaza kahawa kwenye mkeka. Alikuwa amekonda, anatembea kwa fimbo, na miwani alikuwa ameivaa wazi wazi. Alinijua mara moja. Mkewe akaleta akamwani na viti viwili, akatuacha.

Nilimwambia yote. Kichupa cha dirishani, wiki tano, lile neno moja nililolisema darasani. Niliyasema kama mtu anayesoma orodha. Alisubiri nimalize.

"Nilijua, Mwalimu," akasema.

Nikamuuliza alijuaje. Akanieleza kwamba dawa ile hubana mboni, inakuwa ndogo kama kichwa cha pini, kila mtu anayeitumia anakuwa hivyo. Mume wangu alipoitazama tochi, mboni zake zilikuwa wazi kama za mtu mwingine yeyote. Alijua hata kabla hajamlaza kwenye benchi.

"Kwa nini basi uliandika kwamba anatumia?"

Aliokota buni moja iliyokuwa imeoza, akaitupa kwenye majani.

"Wewe ndiye uliyekuwa unaniletea watu," akasema. "Ningekuumbua mbele yao, nani angelala tena kwenye lile benchi? Nikaandika barua ya upasuaji, maana upasuaji haumtaki mtu akumbuke dawa. Nikasema nitakuja niwaambie ninyi wawili nyumbani, bila watu. Nilikuwa nakuja kijijini kila miezi mitatu. Sikuja nyumbani hata mara moja."

Nilitegemea kusikia kitu, hasira au nafuu. Sikusikia. Nadhani na yeye alikuwa hivyo. Kuku walikuja kwenye kahawa, akawafukuza kwa fimbo.

Kisha akaniuliza mume wangu ameacha watoto wangapi. Nikasema watatu. Akauliza wana umri gani, nikamwambia. Akauliza nani kati yao amepimwa.

"Hakuna," nikasema. "Wote wanaona vizuri."

Nilipomaliza kusema hivyo niliyasikia mwenyewe maneno yangu. Hakunikemea. Alisema tu kwamba presha hiyo hufuata damu, kwamba kila mwaka alikuwa ananiuliza habari za mama na babu kwa sababu hiyo hiyo, na kwamba wiki ijayo yeye atakuwa hospitali ya Bukoba siku ya Alhamisi. Akataka majina yao, akayaandika kwenye kipande cha gazeti kwa ajili ya yule kijana aliyemrithi.

Tulikwenda wote wanne. Wawili walinung'unika, mmoja alikuwa ameomba ruhusa kazini kwa shida. Mpima Macho tulimkuta amekaa kwenye benchi la korido la hospitali, bila koti jeupe, watu wanampita bila kumjua. Hakuingia chumbani. Mimi pia nilipimwa, baada ya miaka yote ile, na yangu yalikuwa sawa. Mwanangu wa kwanza na wa mwisho walikutwa salama, wakaambiwa warudi kila mwaka. Yule wa kati, binti yangu, alisoma bango lote bila kukosea. Presha yake ilikuwa juu, na kijishimo cha nyuma ya jicho kilikuwa kimeanza kupanuka, ila bado kidogo sana. Hakuwa amepoteza kitu ambacho angeweza kukijua mwenyewe. Alipewa dawa.

Nilitoka nikamwambia Mpima Macho. Akaitikia kwa kichwa.

"Anarudi lini?" akauliza.

"Baada ya miezi mitatu."

Akasimama, akasema basi la Maruku lisije likamwacha, akaagana na watoto mmoja mmoja kwa mkono, akaenda. Sikumwona tena, na habari za msiba wake zilinifikia wakiwa wameshamzika. Binti yangu alirudi baada ya miezi mitatu, na amekuwa akirudi tangu siku hiyo. Sasa amepita umri aliokuwa nao baba yake alipopofuka. Anaona mbele, na anaona pembeni.